Moshi wa Kwanza wa Asubuhi

Nyie mnaojua kuhukumu, sogeeni. Mimi nimeshindwa, na nimechoka.

Gereji yangu iko Njombe, kwenye baridi. Nina mafundi watatu. Mligo ana macho: moshi ukitoka tu, anakwambia gari linaumwa. Nyagawa ana pua. Mkewe hajawahi kumficha mboga iliyoungua. Vumilia ana viganja, akigusa injini anajua pa kuanzia. Magoti yangu yamekwisha, kwa hiyo nikatangaza: atakayegundua ugonjwa wa gari la mkunga Editha, nitampa ufunguo wa gereji nikapumzike.

Gari lile ndilo linaloteremsha wajawazito kutoka milimani. Lilikuwa linakula maji na kuzimika njiani, na wiki hiyo kina mama wawili walikuwa wanahesabu siku.

Kwetu gari la namna hiyo hulazwa gerejini usiku kucha lipoe. Ukweli wake uko kwenye moshi wa kwanza, injini ikiwa baridi. Likishapata moto, linakudanganya. Siku ya kwanza mimi mwenyewe, kwa mazoea ya uzee, nililiwasha lipate moto kabla mafundi hawajafika. Siku nzima ikapotea. Mkunga alinitazama. Niliona aibu.

Kesho yake likawashwa mbele ya wote. Moshi mweupe. Sasa, Njombe asubuhi kila gari hutoa mvuke mweupe, na ndiyo maana mafundi waliolishika kabla yetu waliupuuza. Mligo akakodoa macho mpaka yakamtoka machozi.

"Mzee, moshi wa baridi ungeshakata. Huu haukati. Kuna kitu kinaungua humo."

"Kitu gani?"

"Hapo sijui."

Nyagawa akainama nyuma ya ekzosi, akanusa, akakohoa. "Una utamu. Dizeli haina utamu. Hii ni dawa ya rejeta, ile ya maji ya kupoza injini, inaingia kwenye silinda."

"Silinda ipi?"

"Pua haihesabu, Mzee."

Vumilia alikuwa ameshapitisha kiganja kwenye mabomba manne ya ekzosi pale injini. "Haya mengine yanapata joto. La tatu bado baridi. Angalieni hapo."

Tukafungua. Ufa mwembamba kama unywele, kwenye hedi, kile kifuniko cha silinda, pale pale kwa silinda ya tatu. Usingeoneshwa, usingeuona. Tukabadilisha hedi, na Ijumaa gari likateremka na mmoja wa wale kina mama. Akajifungua salama hospitalini.

Nilifurahi, kisha wakanigeukia.

"Bila mimi mngesema ni baridi tu," akasema Mligo.

"Uliona, hukujua ulichoona," akajibu Nyagawa.

"Na nyie wawili mngefungua, msiuone ufa, mkafunga," akasema Vumilia.

Nikawaambia washike ufunguo wote watatu kwa pamoja. Wakakataa. Fahari wawili hawakai zizi moja, na hawa ni watatu.

Tangu hapo hawasemeshani. Kila mmoja anakuja na chupa yake ya chai, anasimama mlangoni, ananisubiri nipande kilima na magoti haya nije kuwafungulia.

Haya, ungekuwa wewe, ufunguo huu ungemkabidhi nani? Semeni upesi, kesho saa kumi na mbili napanda tena.