Matunda Yaliyosingiziwa Damu

Anayesitiri ugonjwa wake kwa kuona haya huishia kusitiriwa mwenyewe kaburini. Ndiyo maana wahenga wakasema mficha uchi hazai. Evon, mwindaji wa sili, wale wanyama wa majini wenye mafuta mengi, wa kando ya mto Kuskokwim huko Alaska, nusura authibitishe msemo huo kwa roho yake.

Kiangazi kimoja aliona damu chooni. Akajiambia ni matunda tu, kwani mkewe Nastasia alikuwa akimwandalia kila siku mafuta yaliyopondwa pamoja na matunda mekundu ya porini. Matunda yakaisha, damu isiishe. Mwili ukaanza kupukutika, na sili mmoja mdogo akamshinda kumburuta hadi ukingoni.

Kijiji hakikuwa na daktari. Kilikuwa na mhudumu wa afya mmoja tu, Olinka, binti wa shangazi yake. Kwa mila ya Wayupik, kabila lao, mabinamu wa namna hiyo ni watani wasiooneana huruma. Mwaka uliopita Evon alipotumbukia mtoni akaibuka bila suruali, Olinka alimtungia wimbo wa ngoma, ukaimbwa hadi vijiji vya jirani. Evon akaona afadhali afe kuliko kumpelekea mtani huyo habari za makalio yake.

"Umekimbizana na dubu, leo unamkimbia Olinka?" Nastasia alimaka siku alipoziona nguo za ndani za mumewe zina damu. "Kaka yako alinyamaza na tumbo lake hivihivi, tukamzika. Mimi sitaki watu wanisifie mume marehemu, mzee. Nenda!"

Evon akaenda, miguu mizito kama ya mtu aliyeitwa barazani kushtakiwa.

"Karibu, mtani!" Olinka alimpokea. "Afadhali leo umekuja na suruali."

"Natoa damu chooni, Olinka. Mwezi wa tatu huu. Na choo chenyewe kimekuwa chembamba kama kamba ya wavu."

Olinka hakucheka. Alimpima damu, akaiona imepungua mno, akaanza kuandika. Kutotaniwa kulimtisha Evon kuliko damu yenyewe.

"Nicheke basi, binamu," alisema kwa sauti ndogo.

"Nitakucheka ukirudi. Kesho unapanda ndege."

Katika hospitali ya mjini, kamera iliyopitishwa njia ya haja ilionyesha uvimbe upande wa kushoto wa utumbo mpana. Ilikuwa saratani. Evon alipigwa nusukaputi, daktari wa upasuaji akakata kipande cha utumbo kama shubiri moja na nusu, akaziunga ncha mbili zilizobaki. Siku ya tano alikunywa mchuzi wa samaki. Baada ya wiki majibu yakatoka.

"Tezi zote tulizozitoa kando ya uvimbe ni safi," daktari alimwambia. "Haijasambaa. Utakuwa unarudi tukuchunguze, basi. Lakini ungengoja mto ugande na kuyeyuka mara nyingine, mzee wangu, nisingekuwa na maneno haya mdomoni."

Evon alilia bila kujificha.

Majira ya baridi ngoma zilipokusanya kijiji kizima ukumbini, Olinka alisimama na wimbo mpya. Ulimhusu mwanamume aliyeyashtaki matunda kwa kosa la utumbo wake. Watu walicheka hadi machozi. Evon angeweza kujibanza nyuma kwenye pembe. Badala yake alipiga magoti mbele ya wapiga ngoma, kama wanaume wa kwao wachezavyo, akaucheza wimbo huo mwanzo hadi mwisho, kisha akapandisha shati na kuonyesha kovu lake mbele ya wakwe na wajukuu. Kumkabili dubu ni ushujaa, lakini huu ulikuwa ushujaa zaidi, na heko zote zilikuwa zake.

"Rudia!" walipiga kelele. Akarudia.

Asubuhi iliyofuata Olinka aliwakuta wanaume watano mlangoni pa zahanati, kila mmoja akitazama viatu vyake. Wa kwanza alikuwa mpiga ngoma mkuu, mzee aliyecheka kuliko wote usiku ule.

"Mimi pia," alisema, "nilidhani ni matunda."

Olinka alimfungulia mlango bila kucheka. Wote watano waliingia, kwa maana kijiji kilikuwa kimeshaona kwa macho yake kwamba mficha uchi hazai.