Shekue na Mchi Uliokataa Kunyanyuka

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa huko nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Zamani, zamani sana, kabla hata bibi zenu hawajaota meno, palikuwa na kijiji kilimani. Katika kijiji hicho aliishi mzee aliyeitwa Shekue. Watu walimjia kutoka mbali kuomba shauri lake. Lakini hakuzaliwa na hekima. Nawasimulia alivyoipata.

Alipokuwa kijana, Shekue alikuwa na nguvu. Nguvu hasa! Alipojenga nyumba, majirani walikuja kumsaidia kupandisha nguzo. Akawaambia, "Rudini makwenu. Mikono yangu ipo." Akazipandisha peke yake.

Msimu wa kupanda ukafika. Mama mkwe wake akamuuliza, "Mwanangu, umemwomba Mungu kabla ya kutia mbegu ardhini?"

"Mama, mikono yangu ipo."

Mama wa watu akaenda zake.

Mkewe aliitwa Mashavu. Waliishi vizuri, wakicheka na kutaniana. Basi asubuhi moja Mashavu alikwenda kijitoni kuchota maji. Akateleza juu ya jiwe, pu! Akaanguka chali. Alipotaka kuinuka, miguu haikumsikia. Wakambeba mpaka nyumbani. Waganga wakaja, wakakanda, wakachua. Miguu ikabaki imelala.

Shekue akasema, "Usihofu, mke wangu. Mikono yangu ipo."

Akateka maji yeye. Akapika yeye. Akalima yeye. Akambeba mkewe kumtoa nje kwenye jua, akambeba kumrudisha ndani. Jirani yao Chausiku, shoga yake Mashavu, akaja na ungo wa unga. Shekue akamzuia mlangoni. "Shemeji, rudi nao. Hatujashindwa."

Chausiku akarudi na unga wake.

Siku zikaenda. Magugu yakaufunika mtama. Ugali ukaungua. Mgongo wa Shekue ukauma, naye akawa mtu wa kununa. Mashavu akiomba maji, anapewa bila neno. Akiomba kugeuzwa, anasikia mwenzake akivuta pumzi kwa hasira.

Ikatokea mchana mmoja Shekue yuko shambani. Mashavu akashikwa na haja. Akaita. Akaita tena. Shekue alisikia, lakini alitaka kwanza kumaliza kupalilia mstari wake. Alipofika, kitanda kilikuwa kimelowa.

"Nimechoka na wewe!" Shekue akapiga kelele. "Unasikia? Nimechoka!"

Mashavu akageuza uso ukutani.

Jioni Shekue akamletea chakula, mkewe akakataa. Asubuhi akamletea uji, akakataa. "Sili," akasema kwa sauti ndogo. "Nikifa, mwenzangu, utapumzika."

Hapo Shekue akaogopa. Akatoka mbio kwenda kwenye kinu, atwange mtama, ampikie uji mpya. Akashika mchi. Akavuta. Mchi haukunyanyuka! Akavuta tena. Mikono ilimtetemeka tu, tete-tete-tete. Mwanamume yule aliyepandisha nguzo peke yake akakaa chini mavumbini, akalia kama mtoto.

Akasema, "Mungu, nilidhani nguvu ni zangu. Leo zimeniishia. Nipe za kutwanga kinu hiki kimoja. Na ulimi wangu nao, unishikie, maana mimi umenishinda."

Akasimama. Mchi ulikuwa mzito vilevile. Lakini ukanyanyuka. Twa! Akapumzika. Twa! Akapumzika. Twa! Mpaka mtama ukalainika.

Akapika uji, akakaa karibu na kitanda. "Mashavu, nisamehe. Wewe si mzigo. Nilikuwa nakubeba kwa nguvu zangu, ndiyo maana ukanilemea."

Mashavu akamgeukia. "Na leo umetwanga kwa nguvu za nani?"

"Za kuomba."

Mashavu akamtazama, akamtazama. Kisha akafungua kinywa, akanywa.

Uji haujaisha, mara wakasikia sauti nje. "Hodi! Ni mimi Chausiku, nimeleta maji. Najua utanifukuza."

"Pita, shemeji, pita," Shekue akaitikia. "Nimetoka kuomba nguvu sasa hivi. Nitazifukuzaje mlangoni?"

Chausiku akapita. Kesho yake wakaja wengine na majembe yao, shamba likapaliliwa. Katika nyumba ile kikasikika kicheko tena.

Miguu ya Mashavu haikupona, wanangu. Siwadanganyi. Shekue alimtoa nje kwenye jua na kumrudisha ndani mpaka mvi zikawajaa wote wawili. Na kila alipoinama kumnyanyua, alisema kwanza, "Mungu, nisaidie." Kisha ndipo alipomnyanyua.

Vijana walimcheka. "Mzee Shekue, hata kushika jembe unaomba? Hata kubeba kuni? Si mambo madogo haya?"

Naye akawajibu, "Siku niliyompigia kelele mke wangu sikuwa vitani. Nilikuwa napalilia mtama."



Basi wanangu, msingoje jambo kubwa ndipo mumkumbuke Mungu. Nguvu zetu huisha katikati ya kazi za kila siku, na hasira huanzia hapo. Mwombeni asubuhi, kabla ya kushika kazi. Na akiwatumia jirani, mfungulieni.

Nami nilichopewa nimekitoa chote. Ngano ya Shekue na Mashavu imekomea papa hapa.