Kitabu cha Saba

Ukimaliza kusoma kisa hiki, mtumie mwanafunzi mmoja unayemfahamu. Na mwalimu mmoja.

Katika chuo kimoja cha kilimo alikuwepo binti aitwaye Eliwaza. Muhula uliopita alikuwa ameanguka somo moja, na alishaonywa: akianguka tena, anarudi nyumbani.

Mhadhiri wao, Mwalimu Kilindo, akatoa kazi. Kila mwanafunzi aandike orodha ya marejeo ya vitabu kumi alivyovitaja Mwalimu mwenyewe, na chini ya kila kitabu aeleze kwa ufupi kinasema nini na kinamfaa nani.

"Usihangaike na vitabu," Melkiori, rafiki yake, alimwambia. "Kazi za mwaka jana zipo. Badilisha maneno mawili matatu, peleka."

Eliwaza alitamani kweli. Lakini aliogopa kukamatwa, akaenda maktaba. Alisoma wiki tatu, mpaka mkutubi akawa anamwekea kiti.

Kitabu cha saba kilimshangaza. Jalada lilisema "Rutuba ya Udongo wa Milimani". Ndani, toka mwanzo hadi mwisho, ni ufugaji wa nyuki. Waliokichapa walikosea jalada, na maktaba ilikuwa na nakala hiyo moja tu.

Akaandika alichokiona: "Kitabu hiki kinafundisha kufuga nyuki. Kuhusu udongo hakina hata sentensi moja."

Siku chache baadaye akaitwa ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Binti, wenzako arobaini wanasema kitabu hiki kinaeleza udongo vizuri sana. Wewe unaniletea nyuki. Unanifanyia mzaha?"

"Hapana, Mwalimu. Nimekisoma."

"Huu ni mwaka wa tisa nakitumia!"

Eliwaza aliuona akilini uso wa mama yake akimpokea begi mlangoni.

"Naomba twende maktaba, Mwalimu," alisema.

Walikwenda. Mwalimu akafunua mwanzo, katikati, mwisho. Akakifunga, akaondoka nacho.

Kesho yake alikiinua mbele ya darasa. "Aliyesoma kitabu hiki anyooshe mkono."

Mikono yote ikapanda upesi.

Akakifungua, akasoma kwa sauti namna ya kumhamisha malkia wa nyuki bila kundi kutawanyika. Mikono ikaanza kushuka. Wa Melkiori ulishuka miongoni mwa ya kwanza. Mwishowe ukabaki mkono wa Eliwaza peke yake.

"Huyu amefaulu," alisema Mwalimu. "Ninyi wengine mtarudia kazi yote."

Kisha akavuta kiti, akaketi miongoni mwa wanafunzi.

"Na mimi nitairudia pamoja nanyi. Orodha hii niliachiwa na mhadhiri aliyenitangulia. Hadi jana, hakuna kitabu hata kimoja humo nilichokuwa nimekifungua."

Funzo: Usilitolee maelezo jambo ambalo hujalifungua ukaliona mwenyewe, hata kama watu arobaini na mkubwa wao wameshalisifia.