Gia ya Kupandia

Mtu mmoja alikuwa na miguu isiyojua kutua. Jina lake Mbonea, na kazi yake ilikuwa kuuza maji na mayai ya kuchemsha kwenye madirisha ya mabasi, katika mji uliokaa chini ya mlima, pale barabara kuu inapopita. Basi husimama dakika tano, pengine tatu. Katika dakika hizo muuzaji hukimbia, huinua beseni, hutaja bei, hutoa chumvi kwenye kikaratasi, na mara nyingi humalizia biashara basi likiwa limekwisha kuondoka na yeye yumo mbioni ubavuni mwake. Mbonea aliifanya kazi hiyo miaka tisa. Hakuna mazungumzo aliyoyaanza stendi yakafika mwisho, na taratibu akazoea kwamba mazungumzo hayana mwisho.

Mazoea hayo aliyapeleka nyumbani. Alikula amesimama mlangoni. Mkewe, Nakijwa, akianza kusema jambo, yeye huitikia "ndiyo, ndiyo" kabla jambo halijafika kati, na kiatu kimoja tayari kiko mguuni. Jumanne moja asubuhi Nakijwa alimwambia, "Mbonea, kaa kidogo, nina neno." Honi ya basi ikalia barabarani. "Utaniambia jioni," akasema, akatoka na beseni lake. Jioni alikuta nyumba imefagiwa, sufuria ya makande imefunikwa jikoni, na Nakijwa amerudi kwao mlimani. Siku hiyo ndipo alipotaka kukaa na kusikiliza, na hapakuwa na wa kusema.

Akatuma salamu kwa wakwe. Jibu likaja: aje Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, azungumze na wazee; asipofika, nao watajua alivyoamua. Gari la kupanda kijijini lilikuwa la siku ya gulio tu, na gulio ni Jumatano. Kwa hiyo Jumamosi, kulipopambazuka, alikwenda kukodi pikipiki kwa Mama Nanzia.

Mama Nanzia alikuwa na duka la vipuri na pikipiki moja nyekundu ya kukodisha, iliyokwisha kuupanda mlima ule mara nyingi kuliko wenyeji wengi. Malipo walielewana upesi. Alipogeuka kuchukua ufunguo, Mbonea alikuwa ameshapanda juu ya pikipiki na anapiga kiki, ufunguo bado uko dukani.

"Shuka kwanza, baba," Mama Nanzia akasema. "Unatapatapa kama mtu aliyekanyaga siafu. Umewahi kuendesha mlimani?"

"Nimeendesha sana, mama. Hapa hapa mjini."

"Hapa mjini hata mbuzi angeendesha." Akamwekea ufunguo kiganjani, lakini hakuuachia. "Nina neno moja tu. Gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia. Na frii ni ya kusimamia, si ya kutembelea."

"Ndiyo, ndiyo," Mbonea akasema, akauvuta ufunguo.

Frii ni pale gia inapokaa katikati, injini ikaliachia tairi lizunguke lenyewe. Wengi huiweka wanaposhuka mteremko, wapate mwendo wa bure usiokula mafuta. Gia ndogo huling'ang'ania tairi lisikimbie. Ukiweka frii, hakuna wa kulizuia ila breki.

Mlima haukumpa nafasi ya haraka. Kona ya kwanza aliiendea kwa gia ya tatu. Injini ikakohoa, pikipiki ikaanza kurudi nyuma, akatia mguu chini. Akarudi ya pili, na palipokuwa na makorongo akarudi ya kwanza. Injini ililia sauti moja, nzito, na mwendo ukawa wa mtu anayetembea. Mbonea alihisi damu ikimwasha. Kila kona ilipomalizika alitazamia kijiji, akaona kona nyingine na shamba jingine la tangawizi.

Njiani alimkuta mama mmoja amejitwika mzigo wa majani ya ng'ombe. "Shikamoo, mama," akasema, kama alivyozoea kurusha salamu madirishani.

"Marahaba, mwanangu. Hawajambo huko utokako?"

Na kwa kuwa pikipiki ilikwenda sawa na miguu ya mama yule, Mbonea alikuwa bado yupo pale salamu iliporudi. Ilibidi ajibu. Akaulizwa habari za mvua, akajibu. Akaulizwa anakwenda kwa nani, akajibu hilo pia. "Basi nenda hivyo hivyo, utafika," mama akamwambia, wakaachana penye njia panda. Mbonea akatambua kwamba ile ilikuwa salamu ya kwanza kuimaliza kwa muda mrefu, na kwamba haikumpunguzia kitu.

Alifika saa tano na nusu, amejaa vumbi. Baba mkwe wake, Mzee Kadeghe, alimwonyesha kigoda, asimwulize lolote. Wazee wakamwacha akae. Mama mkwe akaleta makande, na Mbonea akala ameketi, akala mpaka akaona ua lililochorwa chini ya bakuli. Goti lake lilianza kucheza; akalishika kwa mkono. Alipoulizwa, alisema amekosa, wala hakuongeza kitu. Wazee wakasema yao, mmoja baada ya mwingine, hadi jua likapita utosini, naye akamsikiliza kila mmoja hadi mwisho wake. Mlima ulikuwa umempunguzia mwendo, na mwendo ule ulikuwa bado haujamtoka.

Mwishowe Mzee Kadeghe akasema kwamba mwenye kauli ni binti mwenyewe. Nakijwa, aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni tangu mwanzo, akasogea.

"Nitashuka naye," akasema. "Lile neno la Jumanne nitalimaliza njiani. Nimemwona leo. Nadhani atalisikia."

Waliondoka saa nane na nusu, wameagwa vizuri, Nakijwa nyuma na kikapu cha tangawizi mapajani. Kona za mwanzo Mbonea alishuka kwa gia ya pili. Injini ilinguruma ikiwazuia, kama mtu anayekushika shati kwa nyuma. Na hapo kitu kikageuka moyoni mwake. Asubuhi alikuwa mwombaji; sasa amepewa. Ya nini tena kuzuiwa? Akakumbuka kwamba saa kumi mabasi hufuatana stendi, na beseni lake limelala tangu jana. "Nimeshampata," akajisemea. Kwa ncha ya kiatu akaigusa gia, ikaingia frii.

Kelele zikakoma. Pikipiki ikawa nyepesi. Upepo ukampiga kifuani, na ile kiu ya miguu yake ikapoa. Tangu Jumanne hakuwahi kujisikia vizuri hivyo. Nyuma yake Nakijwa alianza kusema. "Mbonea, Jumanne ile nilitaka..." na yaliyofuata upepo ukayachukua.

"Ndiyo, ndiyo," akajibu.

Kona ya kwanza breki ilishika. Ya pili ilishika kwa shida. Ikaja harufu ya kitu kinachoungua, na kwenye kona ya tatu alipoikanyaga ilizama mpaka chini bila kukuta kitu. Ya mkononi nayo ikawa vivyo hivyo. Akataka kurudisha gia, lakini mwendo ulikuwa umeshakuwa wa mlima, si wake tena. Gia ikasaga meno, ikakataa. Kushoto aliona bonde. Kulia aliona ukingo wa udongo mwekundu. Akaelekeza ukingoni.

Hakufa mtu. Taa ilivunjika, goti la Mbonea likachubuka, na tangawizi ikatawanyika barabarani hadi mwisho wa kona. Nakijwa aliinuka, akajipangusa vumbi, akaitafuta kandambili yake moja, akaivaa. Hakupaza sauti.

"Mbonea," akasema, "yule mtu aliyenipandia mlima leo asubuhi, umemwacha wapi?"

Nakijwa hakungoja jibu. Akaanza kupanda kurudi kwao, mwendo wa pole, kama mtu anayeujua urefu wa safari yake.

Mbonea akabaki na pikipiki. Chini aliuona mji, paa la stendi liking'aa, na basi dogo kama kibiriti likiingia. Chini kulionekana karibu, na miguu ilimtuma huko. Juu zilikuwako kona zote zile alizodhani amekwisha kuzimaliza. Alisimama pale muda mrefu kuliko alivyowahi kusimama mahali popote. Kisha akaiinua pikipiki, akaigeuza, akaiwasha. Injini iliitika. Habari ya taa angeijibu baadaye, mbele ya mwenye mali. Akatia gia ya kwanza, kwa maana ya pili isingetosha tena, akamfuata mkewe.

Alimfikia, asimpite. Akaenda ubavuni mwake kama alivyozoea kwenda ubavuni mwa mabasi, ila safari hii hakuwa na kitu cha kuuza. Nakijwa hakumtazama, wala hakumfukuza. Kona ya kwanza ikapita, na ya pili, na injini ikilia ile sauti yake moja, nzito. Goti lilimuuma, na miguu ilikuwa bado inataka kwenda, akaiacha itake. Akangoja.

Lile neno la Jumanne halimo katika hadithi hii, kwa sababu Mbonea alikuwa bado hajalisikia.

Nawe uliyepewa ulichokuwa ukikiomba, ukakipakia nyuma yako: ulipanda kwa gia gani, na sasa unashuka kwa ipi?