Msiba wa Fisi Siku ya Kuzibua Mfereji

Mvua za vuli zilikosekana na za masika zikachelewa. Wanyama wa bonde la Mkwese wakabaki na tegemeo moja, Mfereji wa Kilindo, uliochimbwa na mababu zao kutoka chemchemi ya mlimani hadi malisho ya chini. Malisho hayo na mikuyu yake yalikuwa ya wote; hakuna aliyeruhusiwa kuyazungushia ua.

Kila mwaka, kabla ya kufungulia maji, kila mnyama alizoa tope katika kipande chake. Aliyefiwa ndiye pekee aliyesamehewa, na jirani yake alimzolea. Kipande cha Fisi kiliitwa Kooni, chembamba na chenye tope kuliko vyote. Jirani yake alikuwa Kobe, aliyekaa mwisho wa mfereji. Kwa miaka mitatu mfululizo Fisi alifiwa siku ya kazi, na Kobe akazoa vipande viwili.

Safari hii Kobe alimwendea mfalme, Simba. "Mfalme, mgongo wangu umekwisha. Kooni pasipozibuliwa, maji yatamwagikia porini, na wanangu watakufa kwa kiu."

Simba hajajibu, Fisi akaingia analia. "Nimefiwa, jamani! Mjomba wangu ameniacha!"

"Jina lake?" akauliza Sungura, aliyekuwa amekaa kando ya Simba.

"Mangwende wa Ng'ambo."

"Pole sana, ndugu yangu. Lakini si ndiye huyo aliyekufa mwaka jana?"

Fisi akasita. "Mwaka jana... alizidiwa tu."

Sungura akamgeukia Simba. "Mfalme, msiba wa mjomba ni mzito. Tuweke matanga hapahapa. Mfalme mkarimu atoe nyama, na jamaa wote wa marehemu waitwe."

Simba, aliyependa kuitwa mkarimu, akatikisa manyoya ya shingo. "Nitatoa nyati mzima."

Machozi ya Fisi yakakauka papo hapo. "Nyati? Waitwe! Waitwe wote!"

Kunguru akatumwa ng'ambo ya mto. Siku ya pili mafisi wakafika wameongozana, mbele yao mzee mmoja aliyekuwa akinusanusa.

"Shikamoo, mfalme," akasema yule mzee. "Tumesikia tumefiwa. Marehemu ni nani?"

"Marahaba. Ni Mangwende wa Ng'ambo."

Mzee akaacha kunusa. "Mangwende yupi? Maana kule kwetu mwenye jina hilo ni mimi peke yangu."

Nyani akaanguka chini kwa kicheko. Fisi, mfupa wa nyati mdomoni, akajaribu kutabasamu. "Mjomba! Kumbe umepona?"

"Nimepona kufa? Mshenzi mkubwa wewe! Teremka topeni!"

Simba alinguruma mara moja tu, ikatosha. Fisi akazoa Kooni, kisha akaamriwa azoe na kipande cha Kobe. Alifanya kazi kutwa nzima, harufu ya nyati ikimtesa. Mjomba wake alikaa ukingoni akitafuna fungu la mpwa wake na kumwonyesha kwa kidole.

"Pale bado pana tope, mwanangu. Marehemu anakuona."

Kesho yake maji yakafunguliwa. Yalipita Kooni bila kumwagika hata tone, yakafika kwa Kobe, na watoto wake wakatumbukia humo wakipiga kelele.

Tangu hapo ilijulikana bonde zima kwamba anayekwepa zamu yake mferejini hamkomoi Simba. Anamnyima maji jirani yake.