Tawi Kwenye Gari la Serikali

Palikuwa na dereva mmoja wa serikali. Msiniulize wa idara gani, maana madereva humu ndani nawaona, na sitaki watu waanze kutazamana.

Shemeji yake, mdogo wa mke wake, alifariki akijifungua katika hospitali ya serikali kwa kukosa damu. Jeneza alilibeba yeye mwenyewe. Kwa hiyo watu walipopanga kuandamana kudai damu na dawa, mke wake alisema lazima aende. Dereva naye moyo wake ulikuwa huko huko. Lakini kazini walikuwa wameambiwa waziwazi: mtumishi atakayeonekana kwenye maandamano, kazi hana.

"Mama, kutembea nanyi siwezi," akamwambia mkewe asubuhi ile. "Ila niko nanyi. Nitapita na tawi, kila mtu aone."

Si mnajua mambo yetu siku za maandamano? Gari lenye tawi bichi mbele linapishwa. Lisilo na tawi linarudi lilikotoka, na hapo vioo vikibaki salama mshukuru Mungu. Mke akakata tawi la mwarobaini uani, akachana ukingo wa leso yake, akalifunga mwenyewe kwenye waipa ya gari la kazi. Akakaza fundo, akatangulia na wenzake.

Dereva alipofika kwa waandamanaji, vijana wakasema, "Huyu ni wetu, mpisheni." Akapiga honi, akainua ngumi dirishani. Mtu mzima, kitambulisho cha serikali kinaning'inia shingoni. Alijisikia vizuri sana.

Akakata kona. Mbele, kwa mbali, akaona kizuizi cha polisi. Alisimama pale pale, akashuka, akang'oa lile tawi na kulitupa mtaroni. Kitambaa cha leso kilikataa kufunguka, akakiacha. Kitambaa tu, kina neno gani?

"Umepitaje huko?" afande akamuuliza alipofika kizuizini.

"Nimelazimisha tu, afande. Wale ni wahuni."

Ndivyo alivyosema. Wahuni.

"Ngoja kwanza," afande akasema. "Kuna mama hapa tumemkamata, anadai mumewe ni dereva wa serikali na atapita njia hii. Kama ni wako, mchukue uende naye nyumbani. Ila mkubwa wako nitampigia simu ajue."

Dereva akageuka. Kando ya kizuizi wanawake walikuwa wameketishwa chini, na mke wake alikuwa katikati yao, karibu kabisa. Kila neno alikuwa amelisikia.

Wewe ungesema nini? Usinijibu haraka. Fikiria karo ya watoto, fikiria miaka uliyoitafuta hiyo kazi, ndipo unijibu.

Dereva akakishika kitambulisho chake shingoni. Mke akamtazama, akatazama na waipa, akakiona kitambaa chake kinapepea peke yake.

"Nimefananisha, afande," akasema. "Huyu simjui. Gari la mume wangu lina tawi."

Akapandishwa kwenye lori la polisi. Dereva akaambiwa apite, akapita. Kazi yake anayo mpaka leo.

Ndugu zangu, sikusimama hapa kuwatuma watumishi wa serikali barabarani. Yuko anayebaki ofisini na kusema wazi kwamba kiapo chake hakimruhusu. Huyo namheshimu. Yuko anayetoka akijua atakachopoteza, huyo pia namheshimu. Ninaowasema ni sisi wa tawi. Humu ndani tumelifunga, tunapiga na honi. Kesho tukikiona kizuizi, liko mtaroni, na wale tuliolia nao msibani tunawaita wahuni. Halafu tunasema tumepona, kwa sababu polisi wametuachia.

Polisi walimwachia, ndiyo. Lakini yule aliyekuwa ameketi vumbini hakumwachia, na wala hakupaza sauti.

Leo utarudi nyumbani. Yule aliyekufungia tawi kwa mkono wake atakutazama. Je, atakujua?