Sange Alivyompanda Ngiri

Paukwa!
Pakawa.
Paliota nini?
Mchicha.
Uliota wapi?
Twambie wewe!
Basi semeni polepole, maana Ngiri ana masikio.

Mwaka huo mvua iligoma. Mashamba yakakauka, na kile kidogo kilichobaki Ngiri akakifukua kwa meno yake yaliyopinda. Alipiga magoti, akafukua, akala. Alipiga magoti, akafukua, akala.

"Kila kinachoota udongoni ni changu!" akanguruma. "Mwenye neno aje na meno!"

Nani alikuwa na meno kama yale? Hakuna.

Sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu isiyotulia, aliishi pangoni na wanawe. Watoto walikuwa wameacha kulia njaa, na hilo ndilo lililomtisha mama yao.

"Cha udongoni ni chake," akawaza. "Na kisichoota udongoni?"

Akachonga gogo likawa hori, akaliweka chini ya ufa uliopitisha jua. Akalijaza maji. Akaloweka mavi ya popo, akayachuja kwa kitambaa mara mbili, akayatia humo yawe chakula cha mimea. Akafunika hori kwa ubao wenye matundu madogo. Kila tundu akalitia makumbi ya nazi, na kila kumbi mbegu ya mchicha. Shingo juu, mizizi majini. Mwisho wa hori akaweka ubao mnene wenye tundu kubwa la kuongezea maji. Mbao zote akazikaza kwa vigingi.

Juu akatundika kibuyu chenye kitobo. To! To! To! Tone lilitikisa maji, mizizi ikapumua. Tone likikoma, maji hulala. Maji yakilala, mizizi hufa.

Mchicha ukaota. Watoto wakautazama, wakameza mate.

"Bado," mama akasema. "Kesho."

Mara, nje: kwata, kwata, kwata! Nyayo za Ngiri.

To! kikasema kibuyu.

Sange akaruka, akaziba kitobo kwa pua yake. Kimya.

"We Sange! Umo?"

"Nibo, bzee. Shikaboo."

"Mbona unasema hivyo?"

"Bafua, bzee."

Ngiri hakuondoka. Alinusa mlango. Akanusa tena. Majani yakaanza kuinama, moja, halafu jingine. Watoto wakamtazama mama, mama akautazama mchicha. Akitoa pua, Ngiri atasikia. Asipoitoa, mchicha utakufa, na wanawe nyuma yake.

Akaitoa. To!

"Ahaa!" Ngiri akavamia ndani. "Mboga! Yangu!"

"Mzee, ulisema cha udongoni. Nionyeshe udongo."

Ngiri akachungulia hori. Maji. Akachungulia tena. Maji.

"Basi hata cha majini ni changu!" Akafungua kinywa.

Sange akasogea kando, akampisha.

"Kula, mzee. Ila nakuonea huruma. Utakula leo, kesho utafute tena. Mwenzio mchicha hatafuti. Anasimama tu, chakula kinampanda kwa miguu, mchana na usiku."

Ngiri akafumba kinywa. "Bila kutafuna?"

"Bila kutafuna."

"Hata mimi?"

"Kwa miguu minne hiyo? Utanenepa hadi mlango ukukatae! Ila mche husimama na shingo tunduni, na uso kwenye jua."

Sange akafungua ubao mnene. Ngiri akaingia horini, akapiga magoti; Sange akaurudisha ubao juu yake, naye akapenyeza kichwa tunduni, uso kwenye ufa, mgongo kwa mchicha. Meno yakapita kwa shida: kwaruu!

"Sasa mche hubanwa usiyumbe," Sange akasema. Ko! Ko! Ko! Akapiga vigingi.

Ngiri akangoja. "Mbona sishibi?"

"Mizizi haijatoka, mzee."

Akangoja. Nyuma yake akasikia watoto wakitafuna: kwachu, kwachu, kwachu. Akavuta kichwa. Meno yakanasa. Akavuta tena. Ubao ukalia kriii!

"Nitoe! Nikitoka mwenyewe nawararua wote!"

Sange akawatuma wanawe waite wanyama mbio. Kriii! Kigingi kimoja kikaanza kupanda. Wanyama wakajaa pangoni.

"Mzee, umeota lini?" Tumbili akauliza. "Majani yako yako wapi?"

"Sema mbele yao, nikung'olee vigingi," Sange akasema. "Mmea ni wa nani? Wa mwenye meno, au wa aliyeupanda?"

Kriii! Ngiri akavuta, shingo ikamchubuka, kigingi kikagoma.

"Wa aliyeupanda!" akalia. "Wa aliyeupanda!"

"Mmesikia wote?"

"Tumesikia!"

"Basi, mzee, wewe ni wangu. Nani amekupanda?"

Vigingi vikang'olewa mvua iliponyesha. Ngiri akatoka amekonda, akapita katikati ya mashamba ya watu, hakunusa hata jani.

Ngano yangu imekauka hapo; mwenye yake ailoweke. Inatufunza kuwatii wenye meno, kuacha ujanja, na kupanda mboga udongoni kama walivyopanda babu zetu.

Nani huyo anacheka? Haya, wewe ndiye utakayeteka maji ya hori kesho.